Moja Niliyoiweka Penye Sifuri

Kwetu Ushetu kuna watu wanaokumbukwa kwa sauti zao za kanisani, kuna wanaokumbukwa kwa mpira, na kuna mzee mmoja aliyekumbukwa mpaka anakufa kwa sababu aliteleza kwenye matope akiwa na suti ya harusi yake. Mimi nakumbukwa kwa namba. Tena si namba kubwa, ni moja tu, ile ya kwanza kabisa kufundishwa mtoto, na kwa ajili ya hiyo moja nikipita mnadani kwetu bado wapo watu wanaoinua kidole kimoja juu bila kusema neno, halafu wanageuka kucheka. Kwa muda mrefu nilijifanya siwaoni. Leo nasimulia mwenyewe, kwa kuwa nimechoka kuusikia mkasa wangu ukisimuliwa vibaya (wengine wanasema tulichinja ng'ombe, hatukuchinja ng'ombe).

Jina langu Kabula. Nafanya kazi kwenye duka la steshenari mjini Shinyanga, nachapa barua, natoa kopi, napiga laminesheni vyeti vya watu. Chuo sikusoma. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakawa ya kunitosha mimi ila hayakumtosha mtu mwingine yeyote, nikaja mjini. Lakini duka lina kompyuta na lina intaneti, na mchana wateja wakipungua mimi huwa sijui kukaa bure, mikono inaniwasha, basi nikaanza kujifunza vitu. Nilianza na majedwali, nikaenda kwenye ramani, na siku moja, nikiwa natafuta kitu kingine kabisa, nikakutana na hesabu ya mvutano wa miji.

Nitaieleza kwa kifupi maana bila hiyo hamtaelewa nilivyojiaibisha. Miji inavutana. Mji mkubwa unavuta sana, mji mdogo unavuta kidogo, na kadiri umbali unavyokua ndivyo mvuto unavyopungua. Ukijua ukubwa wa Kahama, ukubwa wa Tinde na barabara iliyo kati yao ilivyo, unaweza kukisia ni watu wangapi na magunia mangapi ya mpunga yatapita hapo kwa wiki. Wachumi wanaiita modeli. Mengine yote ni mapambo, ingawa hayo mapambo yalinichukua karibu mwaka kuyaelewa, kwa sababu mimi ni mtu wa kurudia kitu mpaka kiwe sawa, nikishaona ni sawa narudia tena kuhakikisha ule usawa wenyewe.

Siku nilipoielewa nililia kidogo. (Sasa nacheka, lakini nililia, na mteja aliyekuwa anasubiri kopi za cheti cha kuzaliwa akaniuliza kama nimefiwa.) Nililia kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kitu kinanieleza, bila kunilaumu wala kumlaumu mtu, kwa nini watu wanaondoka nyumbani.

Aliyekuwa ameondoka kwetu ni kaka yangu, Masanja. Yeye ndiye wa kwanza kuzaliwa, mimi ndiye wa pili na wa mwisho. Aliondoka mwaka ule mvua ya mawe ilipochana tumbaku yetu yote shambani, majani yakabaki kama matambara, na baba alikuwa ameshafariki. Masanja akasema anakwenda Nyarugusu, kule Geita, kuchimba dhahabu, akipata kidogo anarudi tujenge bani jipya la kukaushia tumbaku. Mwanzoni alikuwa anapiga simu. Alisema wameingia kwenye duara jipya, yaani shimo la kuchimbia, mwamba una dalili nzuri. Baadaye simu zikawa za kuhesabika, baadaye tukabaki na ile sauti ya dada wa mtandao anayesema namba unayopiga haipatikani, sauti ambayo mama aliisikia mara nyingi mpaka akawa anamjibu, "Haya mwanangu, wabeja," anamshukuru kabisa, ndipo anakata.

Na kwetu mama huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Kwa hiyo mama yangu ni Mama Masanja. Kila anayemsalimia asubuhi anamtaja kaka, kila anayemwita kisimani anamtaja kaka, na mama anaitika. Mimi nilipokuwa nikienda likizo nilikuwa naona jinsi anavyoitika, anachelewa kidogo sana, kama mtu anayeangalia kwanza nyuma kama kuna mwingine anayeitwa.

Sasa tuingie kwenye mkasa. Diwani wetu alisikia kwamba binti wa Mama Masanja anajua mambo ya kompyuta, akanitafuta. Alitaka kwenda halmashauri kuomba barabara yetu ya kwenda Kahama itengenezwe, na alishachoka kuambiwa kwamba barabara haina watu. Akaniomba nimwonyeshe kwa ramani watu na mizigo inayoingia na kutoka kijijini kwetu, kwanza tuwaonyeshe wananchi kwenye mkutano, kisha apeleke mbele. Sikumwacha hata amalize. Nilikubali kama mtu aliyeposwa.

Nikaomba ruhusa dukani nikawa nakwenda nyumbani siku za mnada, maana ndizo siku basi dogo la kutoka Kahama linajaa. Nasimama pale njia panda, kila anayeshuka namwuliza safari yake imeanzia wapi. Wapo waliotoka Kahama, wengi, wapo wa Tinde, wapo wa Shinyanga, wapo hata wa Geita mjini waliokuja kununua mpunga. Na kila mmoja niliyemwuliza, nakiri, nilikuwa namwuliza huku nikiwa tayari kusikia jina moja la mahali. Sikulisikia. Niliporudi dukani kuingiza hesabu kwenye jedwali, mbele ya Nyarugusu nikaandika sifuri, nikakaa nikiitazama hiyo sifuri mpaka mwenye duka akaniuliza kama kompyuta imegoma.

Na kweli ikagoma. Hesabu ile, kabla haijaenda, inataka kila namba igeuzwe kwa kitu kinachoitwa logi, na logi ya sifuri haipo. Si kwamba ni ndogo, haipo kabisa. Kompyuta inaandika neno la kosa kwa wino mwekundu na inakaa hapo inakutazama. Mtu mwingine angeliacha, mimi wino mwekundu unaninyima hamu ya kula. Nikatafuta mtandaoni wenzangu wanafanyaje, nikakuta mmoja ameandika kwamba penye sifuri weka moja, haina madhara, ni kitu kidogo tu cha kuisaidia hesabu ipite. Nikaweka moja. Penye kila sifuri nikaweka moja. Neno la kosa likatoweka, mistari ikachoreka, nikashusha pumzi.

Huo ndio uamuzi wenyewe, haukunichukua hata muda wa kunywa chai.

Siku ya mkutano tulikutana kwenye darasa la shule ya msingi. Diwani alikuwa ameazima projekta na jenereta, ramani yangu ikamulikwa ukutani, na jamani, ilikuwa nzuri. Mistari nilikuwa nimeibadilisha rangi mara nyingi kiasi kwamba mwenye duka aliwahi kuniuliza ni kadi ya harusi ya nani. Mstari wa kutoka Kahama ulikuwa mnene kama mkono, wa Tinde mwembamba kiasi, na ile ya moja moja ilikuwa kama nyuzi. Mama alikuwa amekaa dawati la nyuma na kitenge chake kipya. Nilieleza vizuri, watu wakaelewa, diwani akawa anatikisa kichwa kwa furaha, na ningekaa chini pale nadhani leo mngenisikia nikisimulia kitu kingine.

Ila baba mdogo Maige akanyoosha mkono. Huyu ni mdogo wa marehemu baba, ndiye aliyetulea baada ya baba kufariki, na hajawahi kukaa mkutanoni bila kuchokoza mtu.

"Mwanangu Kabula," akasema, "hako kauzi kanakotoka kule juu ni barabara au ni ufa wa ukuta?"

Watu wakacheka. Alikuwa anaonyesha uzi wa Nyarugusu.

Nilikuwa na nafasi. Ningeweza kusema hako si kitu, baba mdogo, ni namna ya kuipitisha hesabu. Lakini hapo ningelazimika kueleza logi mbele ya kijiji kizima, na kukiri kwamba kwenye ramani yangu nzuri kuna kitu nimekitia mwenyewe. Nikachagua jibu fupi.

"Kanatoka Nyarugusu," nikasema. "Ni mtu mmoja kwa wiki."

Dawati la nyuma likalia. Nikaona mama anasimama. Mama yangu hajawahi kusema neno kwenye mkutano wa hadhara tangu nizaliwe.

"Huyo mtu anashuka siku gani?"

Nilihesabu siku za mnada tu, kwa hiyo nikamjibu, siku ya mnada.

"Ni mwanamume?"

Nikasema wanaotoka machimboni kwa kawaida ni wanaume. Angalieni nilivyokuwa najibu. Kila jibu lilikuwa na sababu yake, kila jibu lilikuwa safi, na mtu wenyewe hakuwapo.

"Wabeja," mama akasema, akakaa, akajifunika kitenge mabegani.

Jioni ile hakuniuliza zaidi, na mimi sikusema. Nilijiambia ameshasahau. Nikarudi Shinyanga nikiwa na furaha ya kupongezwa na diwani, na furaha ile mimi huwa naiogopa, maana kila nikiwa nayo kuna kitu nimekosea mahali.

Haikupita muda mama akanipigia. Akasema siku ya mnada inayokuja nisikose kuja, kuna mgeni. Nikamwuliza mgeni gani, akasema wewe njoo. Alikuwa na sauti nyepesi, sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu enzi za baba. Sasa mimi, kwa akili yangu ya kupiga mahesabu, nikahesabu: mama ana furaha, hataki kumtaja mgeni, anataka nisikose. Nikafikia jibu kwamba nimepata mchumba. Nikasuka nywele. Nikanunua gauni la kitenge la mshono wa kisasa lililonibana mbavu, nikapaka mafuta mazuri, na njia nzima kutoka Shinyanga kupita Tinde mpaka Kahama nilikuwa najifunza jinsi ya kumkataa mtu kwa heshima.

Nikashuka njia panda nikakuta kina mama wa jumuiya wamepanga mstari na vitenge vya sare. Baba mdogo Maige alikuwa amevaa koti. Nyumbani moshi ulikuwa unafuka, mbuzi ameshachinjwa, ukuta wa mbele umepakwa udongo mweupe, na kitanda cha Masanja kilichokuwa stoo kimewekwa juani na godoro lake. Kwenye ungo kulikuwa na matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, alivyokuwa anavipenda kaka mpaka anaficha mfukoni akienda shule.

Gauni likazidi kubana.

Nikamvuta baba mdogo pembeni, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanitazama nywele, akaniuliza kama nimejisuka kwa ajili ya kaka yangu. Ndipo akanieleza. Mama alifikiri sana baada ya mkutano. Akasema kama kuna mwanamume anatoka Nyarugusu kila siku ya mnada na hakuna mtu aliyewahi kumwona hapa kijijini, basi ni Masanja, anashuka njia panda, anatazama kwao kwa mbali, anaona haya kwa kuwa hana kitu mkononi, anarudi na gari lile lile. Kwa hiyo safari hii apokelewe pale pale anaposhuka, asipate nafasi ya kugeuka.

Sijawahi kusikia maelezo ya namba zangu yaliyokamilika kama yale. Kila kitu kilikaa mahali pake. Na msingi wake wote ulikuwa ile moja.

Mngekuwa nyinyi mngesema pale pale. Najua, hata mimi nikisimulia hapa nasema. Lakini mama alikuwa anakuja njiani anatembea haraka, na miguu yake ni ya kuuma, siku zote anatembea taratibu, na alikuwa amevaa viatu. Akanishika mkono, mkono wake ulikuwa baridi, akaniambia nisimame mbele, maana Masanja akiniona mimi kwanza hataogopa. Nikasimama mbele. Na nitawaambia kitu kingine cha aibu kuliko yote: nikaanza kutumaini. Mimi niliyeiandika ile moja kwa vidole vyangu nikaanza kujiambia kwamba huenda, kwa kuwa hakuna hesabu inayosema haiwezekani, na basi likachelewa, na kila lilivyochelewa mimi nikaamini zaidi. Nilikuwa natazama barabara kama wenzangu. Nilikuwa nimeshapanga nitakachomwambia.

Basi likaja na vumbi lake. Akashuka mama mwenye kuku, wakashuka vijana wa madumu, wakashuka wanawake wawili wa kutoka Kahama, halafu akashuka mwanamume mmoja mrefu, mwembamba, kofia imemfunika uso, vumbi mpaka kwenye kope, begi kubwa begani. Mtu mmoja kwenye mstari akapiga kigelegele. Wote wakafuata. Kina mama wawili wakamvamia kumpokea begi, yule bwana akadhani anaporwa, akalikumbatia, wakavutana, na katika kuvutana kitu kikabonyezwa humo ndani na kipaza sauti kikaanza kuimba peke yake kwa sauti ya juu: panya, mende, kunguni, viroboto, dawa ipo hapa, weka leo kesho zoa.

Vigelegele vikafa kimoja kimoja. Kuna bibi mmoja aliendelea peke yake kwa sababu hasikii vizuri.

Baba mdogo akamfuata yule bwana, akamwuliza kwa upole kama ametokea Nyarugusu.

"Mimi natoka Kahama," akasema, bado ameshika begi. "Nyarugusu nikafanye nini?"

Mama hakuwa amemwangalia usoni hata mara moja. Alijua alipoona tu mguu wa kwanza ukishuka. Alikuwa anatazama mlango wa basi, na basi likaondoka, akaendelea kutazama pale ambapo mlango ulikuwa.

"Labda wiki ijayo," mtu akasema nyuma yetu. Na hapo ndipo nikafungua mdomo, kwa sababu niliona mama anageuka kumsikiliza yule mtu, na uso wake unaanza kukubali.

Nikasema hakuna mtu wa Nyarugusu. Nikasema hajawahi kuwapo. Nilianza kueleza sifuri na logi katikati ya barabara, kwa Kiswahili, nikachanganya na Kisukuma, nikarudi mwanzo kwa sababu nilihisi sikueleza sawasawa, na gauni likachanika ubavuni (mlio wake ulisikika, sitaki kudanganya). Watu wakanitazama kama mganga anayetabana.

"Ngoja," akasema baba mdogo. "Kwa hiyo huyo mtu umemuumba wewe?"

"Nilimweka tu ili hesabu iende."

"Na ikaenda?"

"Ikaenda."

Mtu wa kwanza kucheka alikuwa yule muuza dawa za panya. Halafu baba mdogo, halafu barabara nzima, kina mama wa jumuiya wakashikana mabega. Sikuwalaumu. Mtu yeyote akisimuliwa kwamba kijiji kimechinja mbuzi kwa ajili ya namba atacheka. Mama hakucheka wala hakukasirika. Alisema, "Basi twendeni mkale, nyama inapoa," akatangulia, na safari hii alitembea taratibu kama siku zote.

Tukala. Yule muuza dawa alikaa kwenye kiti kilichoandaliwa, kwa kuwa mgeni ni mgeni, na akapewa maini. Mimi nilikuwa jikoni na shuka nimejifunga juu ya gauni. Mama akaingia kuchukua chumvi, akasimama karibu nami, tukawa hatuangaliani.

"Ungeiacha sifuri," akasema. "Sifuri mimi naijua, Kabula. Nimekaa nayo. Nilikuwa nimeshaizoea."

Akachukua chumvi akatoka. Nimesoma vitu vingi kuhusu makosa ya kukadiria, sijasoma kitu kilichoniingia kama hicho.

Baada ya hapo ndipo vidole vikaanza kuinuliwa mnadani. Diwani alinitetea, lakini ile ramani hakuipeleka halmashauri, na barabara hadi leo iko vile vile. Mimi nikaacha kwenda nyumbani kwa muda, nikawa natuma salamu. Kumbe mkasa wenyewe haukukaa kijijini. Yule bwana wa dawa za panya aligundua kwamba hadithi yetu inakusanya watu kuliko kipaza sauti chake. Kila mnada aliofika alianza na hiyo: mimi bwana nimewahi kupigiwa vigelegele na kulishwa maini ya mbuzi wa mtu asiyekuwapo, sogeeni niwaeleze. Watu wanasogea, wanacheka, wananunua dawa. Akazunguka nayo Kahama, akaipeleka juu upande wa Geita, anauza na anasimulia.

Mchana mmoja nikiwa dukani simu yangu ikaita, namba ngeni. (Laini yangu sijaibadilisha tangu kaka aondoke. Niliwahi kununua nyingine yenye vifurushi vya bei nafuu, nikaishika mkononi siku nzima, nikaigawa.)

"Kabula," sauti ikasema.

Nikaiweka chini kopi niliyokuwa naitoa.

"Nimesikia mlinichinjia mbuzi."

Alikuwa Nyarugusu, hakuwa ameondoka hata siku moja. Alikuwa amekaa na wenzake karibu na karasha, ile mashine ya kusaga mawe, pale wanaporundika mawe wakisubiri zamu, akaja mtu wa dawa za panya akaanza kusimulia. Masanja akacheka. Alinieleza hivyo mwenyewe, alicheka mpaka akajishika tumbo, yeye na wenzake, binti wa kompyuta aliyeumba mtu, bibi aliyeendelea na vigelegele, vyote, mpaka yule bwana aliposema kwamba mwenye shughuli alikuwa anaitwa Mama Masanja wa kule Ushetu.

"Wenzangu waliendelea kucheka," akasema. "Mimi nikaenda nyuma ya mawe."

Nikamwuliza kwa nini hakupiga miaka yote hiyo. Akasema hajapata kitu. Kila alipopata kidogo kiliingia tena shimoni, na simu aliiuza, na kadiri muda ulivyokwenda ndivyo alivyotakiwa arudi na kitu kikubwa zaidi, mpaka kikawa kikubwa kuliko mlima wenyewe. Nikamwambia hakuna aliyemwuliza kitu. Akaniuliza kama ni kweli gauni lilichanika. Nikasema kweli, ubavuni. Hapo akacheka tena, akakohoa sana, halafu muda wa maongezi ukaisha, simu yenyewe ilikuwa ya kuazima.

Nikampigia mama, nikamweleza yote, mpaka kile kicheko. Na sasa sikilizeni, kwa sababu hapa ndipo nilipojifunza, kama nimejifunza. Mama aliuliza kama amesema anakuja. Kinywa changu kilikuwa na jibu tayari, jibu dogo, la kusaidia tu, lisilo na madhara. Nikasema hapana, mama, hakusema. Aliuliza kama ni mzima. Nikasema anakohoa. Aliuliza lini atapiga tena. Nikasema sijui. Niliapa siku ile, na bado naapa, kwamba hesabu ikigoma kwa sababu ya sifuri na igome, kompyuta iandike kwa wekundu mpaka wino uishe, sitamtia tena mtu mahali ambapo hayupo.

Mama akasogeza kitu, nadhani kigoda. Nilisikia kuku wa kwetu.

"Umesema alicheka," akasema.

"Alicheka, mama."

"Alichekaje?"

Nikaanza kueleza, kwamba kicheko kilianzia puani, kikakwama kidogo, kisha kikatoka chote. Akanikatiza.

"Usinieleze. Nichekee kama alivyocheka."

Mbele yangu kulikuwa na foleni. Wanafunzi wa chuo wenye kazi za kuchapa, mzee mmoja na hati ya kiwanja, mama mwenye mtoto mgongoni, wote wananitazama, na mwenye duka alikuwa ametoa kichwa mlangoni kuona kwa nini watu hawahudumiwi. Mnanijua sasa, mnajua jinsi ninavyoogopa kutazamwa. Nikaweka simu vizuri mdomoni, nikafumba macho, nikacheka kicheko cha kaka yangu, kutoka puani, kikakwama, kikatoka chote. Mtoto mgongoni akaanza kulia.

Upande wa pili mama akasema kwa sauti ndogo, "Pale kinapokwama, hukukaa vya kutosha. Rudia."

Nikarudia.